Kiwanja cha maji cha watoto Mtwara: kirekebishwe vipi, na wananchi waulizwe nini?

Msomaji wa Mtwara mjini, katibu wa kamati ya bustani ya mtaa, ameuliza: "Bustani yetu ina sehemu ya watoto kuchezea maji. Ni duara la vigae lenye mabomba sita katikati na pampu. Watoto walikuwa wakiteleza, maji yanatuama mpaka yanabadilika rangi, bili ikatushinda, tukafunga. Sasa manispaa imekubali tukijenge upya, kwa sharti kwamba wananchi washirikishwe. Wafadhili wanapendekeza mfumo wa kuzungusha maji yale yale ili tuokoe bili. Tufanye nini, na tuwaulize watu mambo gani? Na ile pampu ya zamani bado inafaa?"

Jibu

Kabla hamjaitisha mkutano wowote, kamati ikae na iamue mambo mawili ambayo hayapigiwi kura: maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi. Kiwanja cha maji huuawa na bili, na huuawa na kukosa mtu wa kukifungua na kukifunga. Ni mara chache sana kinakufa kwa sababu kilikosa sura nzuri. Mkiwapa watu michoro ya rangi kabla ya kujua mnamudu lita ngapi kwa siku, watachagua kitu ambacho mtakifunga tena mwakani, na safari hii watasema waliulizwa bure.

Nianze na pendekezo la wafadhili, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mfumo wa kuzungusha maji hukusanya maji yaliyopita miguuni, kwenye nguo na kwenye nepi za watoto, ukayaweka kwenye tangi la chini, ukayachuja, ukayatia dawa na kuyarudisha juu. Ukifanya kazi sawasawa unaokoa maji mengi. Tatizo ni kimelea kiitwacho Cryptosporidium, kinachosababisha kuhara. Klorini ya miligramu 1 kwa lita huua bakteria wengi wa tumbo ndani ya dakika chache, lakini kimelea hiki huhimili dozi hiyo kwa zaidi ya siku 10. Mtoto mmoja anayeharisha anatosha kuambukiza wengine kwa siku kadhaa huku vipimo vya klorini vikionyesha hali ni nzuri. Ndiyo maana mifumo hiyo huongezewa taa za mionzi ya urujuanimno, chujio la mchanga linalosafishwa kwa ratiba, na fundi anayepima dawa mara kadhaa kwa siku. Umeme ukikatika mchana mmoja, usafishaji wa maji ya tangi unasimama. Kwa bustani ya mtaa isiyo na fundi wa kudumu, kataeni kwa heshima. Waombeni wafadhili fedha hizo zijenge tangi la juu, kivuli na choo.

Mfumo unaowafaa ni wa maji yanayopita mara moja: maji safi ya bomba yanaingia kwenye tangi lililoinuliwa, yanashuka yenyewe hadi kwenye matundu ya sakafuni, mtoto anayachezea, yanaingia mtaroni na kwenda kumwagilia miti. Hakuna pampu karibu na watoto, na hakuna maji yanayorudi.

Watu wataogopa neno "mara moja" kwa sababu ya bili, kwa hiyo pigeni hesabu mbele yao. Tangi la lita 5,000 likikaa kwenye mnara wa mita 3, tundu la milimita 6 litatoa takriban lita 7 kwa dakika, na maji yatapanda karibu mita 1, yakipungua kidogo kadiri tangi linavyoshuka. Urefu huo unatosha kwa watoto, na presha yake ni ndogo. Tuseme mna matundu 12. Yakifunguliwa yote pamoja yanakula lita 84 kwa dakika, na tangi linaisha ndani ya saa moja. Yakigawanywa makundi matatu ya matundu manne, likafunguliwa kundi moja kwa wakati, ni lita 28 kwa dakika, na tangi lile lile linawafikisha karibu saa tatu. Watoto hawapotezi kitu. Kwao raha kubwa ni kukisia maji yatatokea wapi, wakimbilie huko. Mkifungua siku tatu kwa wiki, saa tatu kila siku, mtatumia uniti 65 hivi kwa mwezi kwa kiwango cha juu kabisa, maana uniti moja ni lita 1,000. Chukueni bei ya uniti kwenye ankara ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, zidisheni, na tarakimu hiyo iandikwe kwa herufi kubwa ukutani siku ya mkutano. Ulizeni pia mapema mita itakuwa kwa jina la nani na itawekwa kundi gani la bei. Mita ikiwa kwa jina la mtu binafsi, siku akihama au akigombana na kamati, maji yanakwenda naye.

Mwangalieni fundi kwenye kipenyo cha matundu. Akitoboa milimita 8 badala ya 6 "ili maji yatoke vizuri", matumizi yanapanda karibu mara 1.8. Matundu yatobolewe kwenye vizibo vya shaba vyenye hesi, vinavyokaa sawa na sakafu na kufunguka kwa ufunguo maalumu ili visafishwe. Vizibo vya chuma cha mabati havitadumu kwenye hewa ya chumvi ya pwani. Mkipata chuma kisichoshika kutu, kiwe cha daraja la 316, kwa sababu 304 huanza kupata madoa ya kutu karibu na bahari. Kabla ya bomba kuu kugawanyika wekeni chujio la wavu linalofunguka kwa mkono, la sivyo mchanga wa bombani utaziba matundu. Bomba kuu liwe la plastiki la milimita 63, na kila kundi liwe na koki yake ya robo mzunguko ndani ya sanduku la kufuli. Mabomba ya chini ya sakafu yalazwe kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea chemba yenye koki ya kumwagia. Maji yanayolala kwenye bomba la joto hukuza bakteria, kwa hiyo kila jioni bomba liachwe tupu.

Kuna watakaopendekeza vitufe vya kubonyeza vinavyojifunga vyenyewe. Wazo ni zuri, lakini vingi hutaka presha kubwa kuliko ile ya tangi la mita 3. Jaribuni kimoja kwenye tangi la jirani kabla ya kununua vitatu. Kwa maoni yangu mtunzaji anayegeuza koki kila dakika tano ni bora kuliko kitufe, kwa kuwa mtunzaji huyo huyo ndiye anayewaona watoto.

Mnara usiwe kazi ya kukisia. Tangi lililojaa lina tani 5 za maji juu ya vichwa vya watu, na udongo wa mchanga hudidimia. Mhandisi wa manispaa auchore na asimamie msingi wake. Bomba linaloingiza maji liishie juu ya usawa wa tundu la kufurikia, liache nafasi ya hewa isiyopungua mara mbili ya kipenyo chake. Nafasi hiyo ndiyo inayozuia maji ya tangi kunyonywa kurudi kwenye bomba la mtaa presha inaposhuka.

Sakafu ndiyo iliyowaangusha watoto. Vunjeni vigae vyote. Kigae chenye maji na mapovu ya sabuni hutelezesha hata mtu mzima, na kikipasuka kinakata mguu. Msikubali pia sakafu ya niru, yaani saruji iliyolainishwa. Jengeni zege la mita 6 kwa 8, unene wa sentimita 12.5, umaliziaji wa fagio: zege likianza kukaza, fundi anaburuta fagio gumu mara moja, kwa mstari unaokatiza mteremko. Mchanganyiko uwe saruji 1, mchanga 1.5, kokoto 3. Kwa eneo hilo mtahitaji mita za ujazo 6 za zege, yaani mifuko 52 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 3 na kokoto 5.5, hesabu ikiwa na ziada kidogo. Saruji haitawasumbua kwani kiwanda kiko mkoani humo humo. Mchanga ndio wa kuchunga: usiwe wa ufukweni, na maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha chumvi, maana chumvi hula nondo na zege hupasuka kutoka ndani. Nondo za milimita 8 zisukwe kwa nafasi ya sentimita 20, zifunikwe na zege la sentimita 5 upande wa juu. Kateni mistari ya kudhibiti nyufa kila baada ya mita 3 hivi, kina sentimita 3. Kisha mwagieni maji na mfunike kwa magunia mabichi siku 7. Upepo wa kusi hukausha zege haraka kuliko jua, na sakafu iliyokauka haraka huchunika.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, wote kuelekea upande mmoja mrefu. Kwa upana wa mita 6 hiyo ni tofauti ya sentimita 12, na mtoto haihisi. Msirudie duara lenye shimo katikati: likiziba linageuka bwawa, na bwawa la sentimita chache linatosha kumzamisha mtoto wa mwaka mmoja. Siku ya kupokea kazi msilipe malipo ya mwisho kabla ya kumwaga maji sakafu nzima na kusubiri dakika 20. Kila dimbwi linalofunika sarafu lirekebishwe. Mtaro wa pembeni ufunikwe kwa wavu wenye nafasi zisizofika milimita 8, kwa sababu kati ya 8 na 25 ndipo vidole vya watoto hunasa. Hakuna ngazi, hakuna kingo iliyoinuka, na mtoto wa kiti cha magurudumu aingie moja kwa moja. Kama lazima kuwe na njia ya kupandia, iwe na mwinuko usiozidi 1 kwa 12.

Maji yakitoka mtaroni yapite chemba ya kutulizia mchanga, kisha yaingie handaki la mita 10, upana sentimita 60, kina sentimita 80, lililojazwa mawe, na kando yake pandeni migomba. Kwanza pimeni udongo: chimbeni shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 60, lijazeni maji, yakiisha lijazeni tena, halafu tazameni saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 ndani ya dakika kumi, udongo unakunywa vizuri. Yakichelewa zaidi, refusheni handaki. Yakibaki juu mpaka kesho yake mtakuwa mmefuga mbu, na Mtwara haina haja ya mbu zaidi. Msipande mnazi karibu na watoto kwa sababu ya nazi zinazoanguka, wala mti wa mkungu juu ya sakafu, kwani majani yake mapana yataziba wavu kila asubuhi.

Sasa wananchi. Wapi, vipi na kiasi gani ni maswali ya fundi, lakini nani, saa ngapi na kwa utaratibu gani ni ya kwao peke yao. Hakuna mhandisi atakayewaambia kwamba saa kumi jioni watoto wengi wa mtaa wako madrasa.

Chagueni miezi. Kuanzia Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho, na mkutano wa wakati huo utahudhuriwa na wachache wenye nafasi, ambao si wenye watoto wengi. Fanyeni kazi ya maoni Juni na Julai, mjenge Agosti na Septemba, mvua za Novemba na Desemba zikute sakafu imekomaa. Mpango ukichelewa, ni heri kusubiri kuliko kumwaga zege kwenye mvua.

Anzeni kwa kuangalia kabla ya kuuliza. Watu wawili wa kamati wakae bustanini siku mbili za kazi na siku moja ya mapumziko, waandike kila nusu saa: wangapi, umri gani, wa kike au wa kiume, wamekaa kivuli gani, wanaingilia njia ipi, mbuzi wanapita wapi. Karatasi hizo tatu zitawaambia mengi ambayo mkutano hautayasema.

Kisha kutaneni na makundi mbalimbali kabla ya mkutano wa mtaa. Akina mama waulizwe peke yao, huko huko kwenye vikoba vyao, kwa sababu mbele ya wanaume wengi hawatasema kwamba benchi likiangalia barabara hawatakaa, au kwamba binti wa darasa la saba hatacheza akiwa ameloa mbele ya kijiwe cha vijana. Jibu la hapo mara nyingi ni ukuta wa mimea, benchi lililogeuzwa, na siku moja ya wasichana, vitu vya gharama ndogo sana. Nyumba zinazopakana na bustani ziulizwe kuhusu kelele na mkondo wa maji. Wazee wa msikiti na kanisa waulizwe kuhusu saa za ibada. Wazazi wa watoto wenye ulemavu mwendee kila mmoja nyumbani. Wengi hawaji mikutanoni kwa kuwa hawana wa kumwachia mtoto.

Watoto msiwape karatasi. Chukueni chokaa na kamba, choreni kiwanja kwa ukubwa wake halisi juu ya ardhi, pigeni vigingi palipo na matundu, leteni mpira wa maji wenye kichwa cha kunyunyizia, muwaache wacheze saa moja. Mtaona wapi wanagongana, wadogo wanakimbilia pembe gani, na wakubwa wanahitaji nafasi kiasi gani. Kwa kawaida itabidi msogeze matundu. Kundi la wadogo likae upande wa juu wa mteremko, karibu na benchi, na matundu yake yawe ya milimita 4. Kati ya tundu na tundu iwepo mita 1.2 angalau, na tundu la pembeni liwe mita 1.5 ndani ya ukingo wa sakafu ili maji yanayopeperushwa na upepo yasiloweshe njia.

Kwenye mkutano wa mtaa msiulize "mnataka nini?" Swali hilo huleta orodha isiyolipika. Kila mtu apewe punje 10 za mahindi, na mezani pawe na makopo yenye picha, kila kopo likiwa na bei yake: kivuli punje 4, uzio wa kuzuia mbuzi 3, matundu manne ya ziada 3, benchi mbili 2, bomba la kunawia miguu 1, taa 2. Anayetaka kivuli na uzio anajionea mwenyewe kilichobaki. Hesabuni punje hapo hapo, waziwazi, na mtendaji wa mtaa aandike matokeo kwenye muhtasari. Choo na bomba la kunawa mikono msiviweke kwenye makopo. Hivyo ni vya lazima, na watu waambiwe hivyo bila kuzunguka. Waambiwe pia kwamba ubora wa maji, mteremko na aina ya sakafu vimekwisha kuamuliwa na kwa sababu gani. Ushirikishwaji unaharibika pale mtu anapoulizwa jambo ambalo jibu lake halitatumika. Baada ya wiki mbili rudini na ubao mmoja: mlisema hivi, tumefanya hivi, hili hatukuweza kwa sababu hii.

Swali gumu kuliko yote liulizwe siku hiyo hiyo: nani atashika ufunguo wa koki, na atalipwa na nani? Kazi yake si ya kujitolea. Kila asubuhi anamwaga maji ya bomba dakika mbili kabla watoto hawajaingia, anafagia, anasafisha wavu na kupima klorini ya tangi kwa kipimo cha rangi cha vidonge vya DPD, vinavyogeuza rangi ya maji yenye klorini. Inatakiwa isome kati ya miligramu 0.5 na 1 kwa lita. Ikisoma sifuri, gramu 8 za klorini ya unga ya asilimia 65 hupandisha tangi la lita 5,000 kwa miligramu 1. Unga uyeyushwe kwanza kwenye ndoo. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya unga, na usichanganywe na asidi wala dawa nyingine ya usafi. Mtoto akijisaidia sakafuni, koki zinafungwa na watoto wanatoka. Uchafu unaokotwa kwa glavu, kisha sakafu inamwagiwa maji ya lita 10 yenye gramu 77 za unga huo, yakae dakika 10, isuuzwe kwa maji mengi. Kwenye lango pawe na kibao kinachosema kwamba mtoto aliyeharisha asiingie mpaka zipite wiki mbili tangu apone. Mara moja kwa wiki sakafu isuguliwe kwa brashi ngumu, kwa sababu utelezi wa kijani huanza kabla haujaonekana.

Kuhusu pampu ya zamani: msiitupe, lakini isiguse kiwanja. Kama presha ya mtaa wenu haipandishi maji mita 5 hadi mdomo wa tangi, wekeni tangi jingine chini lijazwe usiku, na pampu hiyo iinue maji hadi juu. Ikae kwenye kibanda chenye kufuli, mita 10 au zaidi kutoka kwenye sakafu, iwe na boya la kuizima tangi likijaa, na kwenye umeme wake pawe na swichi inayokata kwa uvujaji wa miliampea 30. Fundi umeme aibonyeze swichi hiyo kuijaribu kila mwezi. Pampu iwashwe alfajiri tu, na kibanda kifungwe kabla ya lango la watoto kufunguliwa.